Unga Uliowatia Mbwa Wazimu

Ilikuwa ikianza ghafla. Mbwa amejilaza mbele ya moto, mara anainua kichwa, macho yamemtoka, kisha anachomoka mbio huku akibweka kama anayefukuzwa na kitu anachokiona yeye peke yake. Anajigonga mezani, anajigonga ukutani, hamtambui hata bwana wake. Mwisho anaanguka, miguu inapiga hewa, povu linamtoka. Baada ya dakika chache anainuka, anatazama huku na huko kama aliyefedheheka mbele ya wageni, anarudi kujilaza pale pale. Kesho, au wiki ijayo, yanarudi yale yale.

Katika miaka ya 1920 na 1930, wafugaji wa mbwa wa Uingereza na Marekani waliijua vizuri hali hiyo. Waingereza waliiita histeria ya mbwa. Wamarekani waliiita ugonjwa wa hofu. Kichaa cha mbwa haikuwa, maana Uingereza ilikwisha kukifuta katika ardhi yake mwaka 1922, na mbwa hawa hawakuwa na nia ya kumng'ata mtu. Basi ni nini? Kila mmoja alikuwa na mshukiwa wake. Wako waliotaja minyoo, wako waliotaja kirusi kisichojulikana, wengine upungufu wa vitamini, wengine wadudu wa masikioni. Waliokinyooshea kidole chakula walikuwepo pia, lakini chakula cha mbwa wakati huo kilikuwa biashara kubwa yenye jina zuri, na mbwa wengi waliokula biskuti hizo hizo walikuwa wazima. Ikawa kesi isiyo na ushahidi.

Ili kuelewa ngano ilivyofika kwenye bakuli la mbwa wa Kiingereza kila asubuhi, inabidi kurudi nyuma hadi kwa James Spratt. Huyu alikuwa Mmarekani kutoka Ohio aliyevuka bahari kwenda London, inavyosimuliwa, kuuza vikinga-radi. Vikinga-radi havikumtajirisha. Kilichomtajirisha ni kitu alichokiona bandarini: mbwa wa mitaani wakigombania biskuti ngumu za mabaharia, ile mikate mikavu iliyoweza kukaa melini miezi bila kuoza. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 akatengeneza keki ya mbwa: unga wa ngano, mboga, bitiruti, na nyama iliyokaushwa ambayo, kwa maelezo ya kampuni, ilitoka katika mbuga za Amerika. Ni nyama ya mnyama gani hasa? Spratt hakupenda kuulizwa. Siri hiyo aliilinda kama mganga anavyoilinda mizizi yake.

Wateja wa kwanza walikuwa mabwana wa mashambani wenye mbwa wa kuwindia, watu ambao hadi hapo walikuwa wakiwapikia mbwa wao uji wa nafaka na nyama ya farasi waliochoka. Biskuti iliwaondolea sufuria na moshi. Kampuni ikajenga kiwanda kikubwa Poplar, mashariki ya London, na ikamwajiri kijana mmoja aitwaye Charles Cruft, ambaye kwa kuzunguka kuuza biskuti alijuana na wenye mbwa wa kila tabaka. Mwaka 1886 Cruft akaandaa maonyesho yake ya kwanza ya mbwa, na yale yaliyobeba jina lake yakafuata mwaka 1891. Yapo mpaka leo na ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Inasimuliwa kwamba mwenyewe nyumbani alifuga paka.

Sasa, si kwamba ngano ni kitu kigeni kwa tumbo la mbwa. Mwaka 2013 timu ya Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ililinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa Ulaya. Mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga kwenye kongosho; mbwa wa nyumbani walionekana kuwa na nakala kuanzia 4 hadi 30. Maana yake, maelfu ya miaka ya kukaa kando ya jiko la mwanadamu yamembadilisha mbwa hadi ndani kabisa. Dingo wa Australia, aliyetengana na mashamba ya nafaka mapema, amebaki na nakala mbili kama babu yake. Mbwa koko wa Manzese au Kisumu anayekomba sufuria ya ugali halazimishwi na umaskini kula kitu kinyume cha maumbile yake, anakula urithi. Hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu miaka ya karibuni limesahauliwa kwa gharama kubwa, kama itakavyoonekana mbele.

Kwa hiyo ngano peke yake haikutosha kueleza wale mbwa waliokuwa wakijigonga ukutani. Kuna kitu kilikuwa kimeifika ngano njiani, kati ya shamba na bakuli.

Aliyekigundua hakuwa daktari wa mifugo. Sir Edward Mellanby alikuwa daktari wa binadamu, katibu wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na mtu ambaye maisha yake yote ya kisayansi yalipita miongoni mwa mbwa. Mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwalisha watoto wa mbwa vyakula vya nafaka, akawafungia ndani bila jua, wakapata matege. Akawapa mafuta ya ini la samaki, matege yakazuilika. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kugunduliwa kwa vitamini D, na watoto wengi wa mitaa ya moshi ya London na Glasgow walinyooka miguu kwa sababu yake. Mellanby alizoea kuulizia nafaka inamfanyia nini mwili. Alizoea pia kuangalia mbwa wake kwa subira.

Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 62, alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo yaliyowashtua wasaga unga kuliko yalivyowashtua wafugaji. Mbwa aliowalisha unga mweupe wa kawaida wa madukani walipata histeria. Mbwa aliowalisha unga usiotiwa dawa hawakupata. Akiwabadilishia, ugonjwa uliondoka; akiwarudishia, ulirudi. Tofauti ilikuwa gesi.

Unga mpya uliotoka kinuni una rangi ya manjano kidogo na haufanyi mkate wa kuumuka vizuri. Zamani wasagaji waliuacha ghalani wiki kadhaa uzeeke, hewa iufanyie kazi yake. Lakini ghala ni pesa, na wiki ni pesa. Tangu miaka ya 1920 viwanda vilipata njia ya mkato: kuupitisha unga katika gesi ya nitrojeni trikloridi, iliyouzwa kwa jina la Agene, ambayo iliuzeesha na kuung'arisha kwa muda mfupi. Mkemia Mfaransa aliyeigundua kemikali hiyo zaidi ya miaka mia moja nyuma, Pierre Louis Dulong, ilimlipukia akapoteza jicho na vidole viwili. Mtu angedhani hilo lingekuwa onyo la kutosha. Hata hivyo kufikia Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa kabisa ya unga mweupe wa Uingereza ilikuwa imepita mle.

Wakemia waliifuata alama hiyo hadi mwisho. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wameitenga sumu yenyewe: gesi ilipokutana na methionini, mojawapo ya matofali ya protini ya ngano, ilizaa kitu kiitwacho methionini sulfoksimini, ambacho huingia kwenye ubongo na kuzuia kimeng'enya muhimu huko. Mbwa wanadhurika vibaya, sungura pia. Watu waliojitolea kula unga huo katika majaribio hawakuonyesha kitu. Lakini nani angewaambia akina mama wa Uingereza, waliokuwa bado wanapanga foleni na kadi za mgao, kwamba mkate uleule unaomtia mbwa kifafa ni salama kwa mtoto? Marekani iliondoa Agene mwaka 1949. Uingereza ilijivuta hadi mwisho wa 1955, mwaka ule ule Mellanby alipofariki. Na histeria ya mbwa, ugonjwa ambao ulikuwa na dawa zake, nadharia zake na wataalamu wake, ikatoweka kama haijawahi kuwapo.

Haikuwa mzio. Hapo panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu maneno haya huchanganywa na wenye mbwa, na wakati mwingine hata na wenye maduka ya dawa. Sumu humdhuru kila anayeila kwa kiasi cha kutosha: hiyo ni Agene, na hiyo ni chokoleti. Kutovumilia chakula ni tumbo kushindwa kazi, kama mbwa mzima anayeharishwa na maziwa kwa kuwa kimeng'enya cha kuyavunja kimepungua tangu alipoachishwa kunyonya. Mzio, au aleji, ni jambo jingine: ni kinga ya mwili kuitambua protini isiyo na kosa kana kwamba ni adui. Mbwa mwenye mzio wa chakula mara nyingi haharishi. Anajikuna. Anatafuna nyayo zake, masikio yanamwasha na kunuka, ngozi inakuwa nyekundu kwapani na kinenani, na hali hiyo haingoji msimu wa viroboto.

Ajabu ni kwamba elimu ya mzio yenyewe ilianza na mbwa. Mwaka 1901 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika merikebu ya Albert I, mtawala wa Monaco aliyependa bahari kuliko ikulu, wakichunguza sumu ya viwavi vya baharini. Waliporudi Paris waliendelea na sumu ya maua-bahari, wakitaraji kuwazoesha mbwa kwa dozi ndogo hadi wawe sugu. Mmoja wao, mbwa mkubwa mwenye afya aliyeitwa Neptune, alipata dozi ya kwanza bila shida. Siku 22 baadaye akapewa dozi ileile ndogo. Akafa ndani ya dakika 25. Badala ya kujengewa ngao, alikuwa amefunguliwa mlango. Richet aliiita hali hiyo anafilaksia, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Neno aleji lenyewe lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet.

Kutoka maabara hadi bakuli ilichukua muda. Njia iliyofika kwa mbwa ilipitia kwa binadamu, na hasa kwa daktari Albert Rowe wa Oakland, California, ambaye katika miaka ya 1920 alichoka na vipimo vya kuchoma ngozi visivyolingana na malalamiko ya wagonjwa wake. Akageuza mambo: badala ya kutafuta kinachodhuru, mwondolee mgonjwa karibu kila kitu, mwachie vyakula vichache ambavyo kwa kawaida havimdhuru mtu, usubiri. Akitulia, mrudishie kimoja kimoja. Miongoni mwa vyakula alivyowaachia kulikuwa na nyama ya kondoo na wali. Katika miaka ya 1930 madaktari wa mifugo wa Marekani nao wakaanza kuandika juu ya mbwa wanaojikuna kwa sababu ya chakula, na njia ya Rowe ndiyo waliyoiazima, pamoja na kondoo wake na wali wake.

Kuazima huko kulikuja kuleta kizaazaa.

Kwanza alihitajika mtu wa kukiweka chakula cha mgonjwa kwenye kopo. Mtu huyo alikuwa Mark Morris, daktari wa mifugo wa New Jersey, na safari hii tatizo lilikuwa figo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alifuatwa na Morris Frank, kipofu aliyekuwa akizunguka Marekani na mbwa wa kumwongoza, Buddy, akiitangaza shule ya mbwa viongozi aliyoianzisha mwaka 1929 pamoja na wenzake. Frank aliwapa jina hilohilo mbwa wake wote waliofuatana, ndiyo maana wasimulizi hugongana juu ya ni Buddy yupi. Mbwa alikuwa anakufa kwa figo. Morris alimtungia chakula chenye protini na chumvi kidogo, akawa anakifungasha nyumbani na mkewe Louise kwenye chupa za kioo. Chupa zilivunjika njiani. Wakahamia kwenye makopo na mashine ya kufungia ya mkono, na mwaka 1948 Morris akaingia mkataba na kiwanda cha nyama cha Burton Hill huko Topeka, Kansas. Tangu hapo mbwa akawa na chakula kinachotolewa kwa cheti cha daktari, na figo zikafuatwa na moyo, mawe ya kibofu, unene, na bila shaka mzio.

Sasa turudi kwa kondoo. Kwa nini kondoo? Kwa sababu Mmarekani wa kawaida hali kondoo, na mbwa wake hali kondoo. Hakuna siri nyingine. Mwili hauwezi kuwa na mzio wa protini usiyoijua bado. Kondoo alikuwa salama kwa ugeni wake tu. Lakini katika miaka ya 1980 na 1990 watengenezaji waligundua kwamba maneno "kondoo na wali" yanauza, wakayaandika kwenye mifuko ya kila rangi, na mwenye mbwa mzima akanunua ili kujikinga. Kizazi kimoja cha mbwa kikalelewa kwa kondoo. Ugeni ukaisha. Mwaka 2016 Ralf Mueller, Thierry Olivry na Pascal Prélaud walikusanya taarifa zilizochapishwa za mbwa 297 wenye mzio wa chakula uliothibitishwa: ng'ombe alihusika kwa asilimia 34, maziwa 17, kuku 15, ngano 13. Na kondoo, lile kimbilio la usalama, tayari alikuwa na asilimia 5. Orodha hiyo husomwa vibaya na watu wengi, kana kwamba nyama ya ng'ombe ina ubaya wake. Kinachosomeka pale ni menyu: mbwa wamekuwa na mzio wa vile walivyolishwa.

Ndiyo maana orodha iliyotungwa California haihamishwi nzima nzima. Dodoma au Garissa, ambako mbwa hukua kwa mifupa na matumbo ya mbuzi na kondoo, kondoo si mgeni hata kidogo. Daktari wa huko akitaka nyama ambayo mbwa hajawahi kuionja huenda afikirie sungura, na atahitaji kumhoji mwenye mbwa vizuri juu ya dagaa wanaochanganywa na dona, maana dagaa nao ni protini. Mahojiano hayo ndiyo kazi yenyewe. Makombo hayana lebo.

Kuna ukoo mmoja wa mbwa kutoka bara hili ambao hutajwa mara kwa mara katika vitabu vya magonjwa ya utumbo. Basenji, mbwa asiyebweka wa misitu ya Kongo, alionyeshwa London na Bi. Olivia Burn katika maonyesho ya Crufts ya mwaka 1937. Jina lake halimpi taabu msemaji wa Kiswahili: ni ndugu wa neno washenzi, na mtu anaweza kujiuliza nani alikuwa akimtukana nani. Ukoo wa Ulaya na Marekani ulitokana na mbwa wachache mno, na katika uchache huo ukajificha ugonjwa wa kurithi ambapo kinga ya mwili huujeruhi utumbo hadi mbwa anakonda huku anakula. Hutunzwa kwa dawa na kwa chakula chepesi, kwa mafanikio yasiyo na uhakika.

Setter wekundu wa Ireland walikuwa na hadithi iliyonyooka zaidi. Katika miaka ya 1980, Roger Batt na wenzake huko Uingereza waliwachunguza watoto wa mbwa hao waliokuwa wakidumaa, wakakuta vinyweleo vya utumbo wao vimesagika kama vya watoto wa binadamu wenye ugonjwa wa siliaki. Wakiondolewa ngano, vinyweleo vinaota. Wakirudishiwa, vinasagika. Siliaki yenyewe ilikuwa imefumbuliwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ambaye alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita, na ambaye njaa kuu ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ilimpa ushahidi wa kutisha: mkate ulipokosekana, watoto wake wagonjwa walipata nafuu, mkate uliporudi, waliugua upya. Kwa setter, mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba ugonjwa hurithiwa kwa jeni moja, inayobidi itoke kwa wazazi wote wawili. Wafugaji makini wakaacha kuwazalisha waliouonyesha.

Wakati nyama za kigeni zikiisha ugeni mmoja baada ya mwingine (paa, bata, kangaruu, hata mamba amewahi kuingizwa koponi), wakemia walikuja na wazo jingine: kama kinga ya mwili huitambua protini kwa umbo lake, basi ivunjwe vipande vidogo hadi isitambulike. Wazo hilo nalo lilikuwa la kuazima. Maziwa ya watoto wachanga yenye protini iliyovunjwa, Nutramigen, yaliingia sokoni Marekani mwaka 1942. Kwa mbwa ilingoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo kuna chakula cha aina hiyo kinachotengenezwa kwa manyoya ya kuku yaliyovunjwa hadi kubaki karibu asidi za amino tupu, kitu ambacho kingemfurahisha Spratt, mtu ambaye hakupenda kuulizwa nyama imetoka wapi.

Na swali hilo la Spratt bado halijafungwa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walivipima vyakula vikavu vinne vya nyama ya paa vilivyouzwa madukani bila cheti. Lebo za vitatu zilisema havina soya. Vyote vitatu vilikutwa na soya. Kimoja kilikuwa na nyama ya ng'ombe. Mwenye mbwa aliyevumilia miezi miwili ya kumnyima mbwa kila kitu isipokuwa mfuko huo alikuwa amepoteza miezi miwili.

Miezi miwili, kwa hakika, ndiyo bei. Olivry na wenzake waliipiga hesabu mwaka 2015: wiki tano za chakula kimoja zinatosha kuwatuliza zaidi ya asilimia 80 ya mbwa wenye mzio wa chakula, na wiki nane zaidi ya asilimia 90. Kisha mbwa anarudishiwa chakula chake cha zamani kwa makusudi, ili muwasho urudi. Hatua hii ya pili watu wengi huikataa. Mbwa amepona, wa nini tena kumchokoza? Lakini bila hiyo hakuna anayejua kama kilichomponya ni chakula au ni msimu. Ni utaratibu uleule wa Mellanby, na uleule wa Rowe, na karne nzima ya maabara haijapata unaouzidi. Waliojaribu kuuzidi kwa kipimo cha nywele na mate kinachoagizwa kwa posta waliumbuliwa mwaka 2019, watafiti walipotuma, pamoja na sampuli za mbwa halisi, nyuzi za manyoya bandia na maji ya chumvi yaliyotakaswa. Majibu yalirudi: manyoya bandia nayo yana mzio.

Turudi nyuma kidogo, hadi mwaka 2007. Mwezi Machi, mbwa na paka wa Amerika Kaskazini walianza kufa kwa figo, na makopo na pakiti zaidi ya milioni 60 zikaondolewa madukani. Gluteni ya ngano iliyonunuliwa China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali ya plastiki, ili ionekane kwenye vipimo kuwa na protini nyingi. Mwaka uliofuata udanganyifu huohuo ulikutwa kwenye maziwa ya watoto wa China. Kwa mara ya pili katika karne moja mbwa walikuwa wameonja kabla ya watoto.

Ngano haikuwa na hatia katika mkasa huo. Wenye hatia walikuwa wafanyabiashara. Lakini wanunuzi waliiadhibu ngano. Mifuko iliyoandikwa "bila nafaka" ikajaa madukani, nafaka ikabadilishwa kwa njegere, dengu na viazi, na tangazo baada ya tangazo likamwonyesha mbwa mwitu kwenye theluji, kana kwamba zile nakala 30 za jeni hazipo. Mbwa ambao hawakuwahi kujikuna walilishwa kama wagonjwa. Mwezi Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliotanuka moyo, wengi wao wakiwa wamekula vyakula vya namna hiyo, wakiwemo wa koo ambazo kwa kawaida hazina ugonjwa huo. Chanzo hasa hakijathibitishwa mpaka leo, na mwishoni mwa 2022 mamlaka ilisema haitatoa taarifa nyingine hadi kitokee kitu kipya.

Na bado, ngano haikuachiliwa huru kabisa. Wenye mbwa aina ya Border Terrier walikuwa wakilalamika kwa miaka mingi juu ya vipindi vya ajabu: mbwa anakakamaa, anapepesuka, anapinda mgongo, mguu mmoja unaganda hewani, akili yake iko timamu. Waliuita ugonjwa wa Spike, kwa jina la mbwa wa Uholanzi. Ulihesabiwa kuwa aina ya kifafa, ukatibiwa kama kifafa, ukakaidi. Mwaka 2015 Mark Lowrie na wenzake huko Uingereza walichapisha habari za mbwa sita wa aina hiyo waliokutwa na kingamwili dhidi ya gluteni katika damu. Wote sita waliondolewa ngano na jamaa zake. Baada ya miezi mitatu watano walitulia na damu yao ikasafika. Wawili waliporudishiwa gluteni, vipindi vilirudi pamoja na kingamwili.

Wa sita hakupona. Chakula kilikuwa kilekile, mwenyewe aliapa hampi kitu kingine, lakini damu ilikataa kusafika. Walipofuatilia walikuta kwamba mbwa huyo, akitoka matembezini, alikuwa akila mavi ya farasi. Alipozuiwa kwa miezi mingine sita, naye akapata nafuu.